Santuri na Kanda kwenye Kompyuta Moja: Ulinganisho wa Njia za Kubadilisha Chanzo cha Sauti

Mtu anayeamua kuhamishia sauti za zamani kwenye kompyuta huanza kwa kuuliza anunue kifaa gani cha kurekodia. Swali linalomkuta baadaye, kwa kawaida siku ya pili ya kazi, ni jingine kabisa: ana kicheza santuri upande huu, ana deki ya kaseti upande ule, kadi yake ya sauti, yaani kifaa kinachogeuza sauti kuwa tarakimu za kompyuta, ina jozi moja tu ya matundu ya kuingizia, na kila anapotoka kwenye chombo kimoja kwenda kingine kuna jambo linaloharibika. Mara sauti inapasuka, mara inavuma, mara kompyuta inarekodi kupitia maikrofoni yake yenyewe na kunasa mazungumzo ya sebuleni badala ya taarabu.

Mfano nitakaoushika ni wa nyumba ambayo watu wengi wa pwani wataitambua. Kuna kasha la santuri ndogo za mizunguko 45, nyingi zikiwa za miaka ya 1960 na 1970. Kuna santuri chache nzito za mizunguko 78 za enzi ya babu. Na kuna mifuko ya kanda, nyingine za taarabu, nyingine za mawaidha, na nyingine, ambazo kwangu ndizo za kutangulizwa, ni barua za sauti zilizorekodiwa na jamaa walioishi Maskati au Dubai na kuletwa nyumbani kwa mkono wa msafiri. Santuri huenda ikapatikana kwingine, lakini barua ya shangazi iko moja tu.

Tofauti kubwa kati ya vyanzo hivi viwili ni nguvu ya umeme unaobeba sauti. Katriji ya sumaku, yaani kile kichwa kinachoshika sindano ya kicheza santuri, hutoa takribani milivolti 3 hadi 5, ilhali deki ya kaseti hutoa karibu theluthi ya volti au zaidi, ambayo ni nguvu inayokaribia mara mia ya ile ya katriji. Isitoshe, santuri huchongwa sauti nzito zikiwa zimepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, iliyowekwa mwaka 1954 na kuenea ulimwenguni, ili mifereji isiwe mipana mno na mchakacho wa plastiki usisikike sana. Kikuza awali cha santuri ndicho kinachoongeza nguvu na kuurudisha uwiano huo mahali pake. Kanda haikihitaji, kwa kuwa deki ina kikuza chake ndani kinachofuata kanuni nyingine.

Kutokana na hayo, makosa ya kubadilisha chanzo yanajitambulisha kwa masikio. Santuri isiyopita kwenye kikuza awali hutoa sauti hafifu, kavu, isiyo na besi. Deki iliyochomekwa kwenye tundu la santuri hupasua sauti na kuivimbisha besi. Kosa la tatu ni la hila zaidi: vicheza santuri vingi vya siku hizi vina kikuza awali ndani, pamoja na swichi ndogo nyuma yenye alama mbili, PHONO na LINE, na mtu anayeiacha kwenye LINE huku akichomeka waya kwenye tundu la santuri anaikuza sauti mara mbili. Niliwahi kurekodi santuri sita nzima namna hiyo, nikidhani ni wapiga ngoma waliokaa karibu mno na maikrofoni.

Ninachotaka msomaji akishike kabla ya kuchagua kifaa chochote ni hiki: swichi, ya aina yoyote iwayo, ikae baada ya kikuza awali cha santuri, pale ambapo santuri na kanda zimekwisha kuwa na nguvu zinazokaribiana. Milivolti nne zikipitishwa kwenye swichi yenye kutu, mvumo wowote unaoingia hapo utakuzwa pamoja nazo. Waya nao una athari yake, kwa kuwa katriji hutarajia mzigo maalumu wa umeme, na kila mita ya waya wa ziada kabla ya kikuza awali huongeza takribani pikofaradi 100 za uwezo wa kushika chaji ya umeme na kubadilisha mlio wa sauti nyembamba. Baada ya kikuza awali, mita moja zaidi haina neno.

Kuhamisha nyaya kwa mkono

Njia ya kwanza haina kifaa cha kubadilishia: una kadi moja ya sauti ya nje, unachomoa plagi nyekundu na nyeupe za kicheza santuri, unachomeka za deki. Watu huidharau, nami naiona kuwa njia inayowafaa wengi zaidi, kwa sharti moja ambalo nitalieleza. Hakuna swichi ya kuleta mikwaruzo, hakuna kifaa cha pili cha kuvuma, na chombo kisichochomekwa hakiwezi kuingiza sauti yake kwa siri.

Udhaifu wake ni kwamba kuhamisha waya si tendo moja. Chukua kadi ndogo kama Behringer UFO202, ambayo ina kikuza awali cha santuri ndani na swichi ya kuchagua kati ya santuri na vyombo vya kawaida. Anayetoka kwenye santuri kwenda kwenye kanda hana budi kuhamisha plagi mbili, kusogeza swichi, kuuacha au kuufungua waya wa ardhini wa kicheza santuri, na kupima upya kiwango cha sauti. Akisahau moja kati ya hayo, atarekodi dakika 60 za kanda iliyopasuka, na hakuna programu itakayoirudisha sauti iliyopasuka. Kadi za namna hiyo zina upungufu mwingine ambao matangazo hayautaji: hazina kidhibiti cha kupunguza sauti inayoingia, na kile kidhibiti kinachoonekana kwenye skrini ya kompyuta huja baada ya sauti kuwa imekwisha kugeuzwa tarakimu, kwa hiyo hupunguza kelele ya kupasuka bila kuuondoa mpasuko. Deki yenye kidhibiti cha sauti inayotoka hutatua jambo hilo kwa upande wa kanda, lakini kwa santuri utalazimika kuwa na kikuza awali cha nje chenye kidhibiti au kuhamia kwenye kadi bora.

Sharti nililolitaja ni kufanya kazi kwa mafungu. Kanda ya dakika 90 inahitaji dakika 90, hakuna njia ya mkato, na dakika mbili za kuhamisha nyaya si kitu ukilinganisha na muda huo. Anayemaliza kanda zote kwanza, kisha akageukia santuri, anahamisha nyaya mara moja katika kazi ya mwezi mzima. Anayechukua kanda moja, kisha santuri mbili, kisha kanda nyingine kwa kadiri wageni wanavyoomba, atazichosha plagi na kuchoka mwenyewe.

Kisanduku cha swichi

Kisanduku cha kuchagulia chanzo, chenye matundu mawili au matatu ya kuingizia na moja la kutolea, ni kifaa cha bei ndogo kisichohitaji umeme. Kinaondoa kazi ya plagi, lakini hakiondoi kazi ya kiwango. Kwa kuwa vyombo vyote viwili vinaishia kwenye kidhibiti kimoja cha kadi ya sauti, kipimo ulichokipata kwa santuri hupotea pindi unapogeukia kanda, na kinyume chake. Anayebadilisha mara kwa mara afanye alama mbili kwa kalamu pembeni mwa kidhibiti. Ni ujanja wa kifundi usiopendeza macho, lakini unafanya kazi.

Lipo pia suala la mvumo. Visanduku vingi hukata waya wa kati wa sauti peke yake na kuziacha gamba za plagi zote zimeungana daima. Maana yake ni kwamba deki, hata ikiwa haikuchaguliwa, bado imeungana kwa umeme wa ardhini na kicheza santuri na kompyuta, na pale kila chombo kinapochukua umeme kwenye soketi yake katika pembe tofauti ya chumba, mvumo wa hezi 50 unazunguka katika mduara huo na kuingia kwenye rekodi. Dawa ya kwanza ni kuchomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja. Ya pili, kwa anayetumia kompyuta ya mapajani, ni kuchomoa chaja wakati wa kurekodi na kuitegemea betri. Mara nyingi mvumo hukatika papo hapo.

Kwa wenye kicheza santuri kisicho na kikuza awali ndani, kisanduku pekee hakitoshi. Kikuza awali cha nje kinunuliwe na kikae kati ya kicheza santuri na kisanduku, na waya wa ardhini ufungwe kwenye kikuza hicho. Ukishajumlisha gharama ya vitu hivyo viwili, njia inayofuata huanza kuonekana nafuu.

Amplifaya kuukuu

Amplifaya za stereo za miaka ya 1970 na 1980, zile nzito zenye uso wa chuma ambazo bado zinaonekana kwenye maduka ya mafundi, zilitengenezwa kwa kazi hii hasa, kwa sababu wenye nazo walikuwa wakirekodi santuri kwenda kwenye kanda. Nyuma zina tundu la santuri lenye kikuza awali chake na msumari wa kufungia waya wa ardhini, matundu ya deki, na jozi ya kutolea sauti iliyoandikwa REC OUT au TAPE OUT. Unachomeka kadi ya sauti kwenye jozi hiyo, unageuza kichaguzi cha mbele kutoka santuri kwenda kwenye chombo kingine, na mambo yamekwisha. Kwa kawaida jozi hiyo haiguswi na kidhibiti cha sauti wala cha besi, kwa hiyo unaweza kuzima spika kabisa huku rekodi ikiendelea kama kawaida. Nashauri uzizime kweli wakati wa santuri, maana mtikisiko wa spika hurudi kwenye sindano kupitia meza.

Deki yenyewe ichomekwe kwenye tundu la AUX au TUNER wala isikae kwenye lile lililoandikwa TAPE, kwa kuwa amplifaya nyingi haziitoi sauti ya tundu la TAPE kwenye jozi hiyohiyo ya kutolea, jambo lililofanywa makusudi ili deki isijirekodi yenyewe. Watu wengi hukwama hapa na kudhani amplifaya ni mbovu. Mtego wa pili ni wa kuirudisha sauti ya kompyuta kwenye amplifaya ili uisikilize kwa spika: kichaguzi kikielekezwa kwenye tundu hilo wakati programu inarekodi na kupiga kwa pamoja, sauti inazunguka na kulia kwa ukali unaoweza kuiunguza spika.

Kuukuu ni kuukuu. Kichaguzi kilichokaa miaka 15 bila kuzungushwa kina kutu, na dalili yake ni upande mmoja wa stereo kufifia au kukatika. Kukizungusha mara ishirini hivi husaidia kwa muda, na dawa ya kupulizia ya kusafishia swichi husaidia zaidi. Kumbuka kuangalia volti pia: amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hutaka volti 100 na ya Marekani 120, nayo ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 haitadumu hata sekunde chache.

Pamoja na hayo yote, kwa nyumba yenye santuri na kanda nyingi ambazo zitashughulikiwa kwa kuchanganya, na iliyo na amplifaya nzima, mimi ningechagua njia hii kabla ya kisanduku na kabla ya miksa. Miksa ya DJ yenye USB hufanya kazi ileile na humpa kila chanzo kidhibiti chake cha kiwango, ambayo ni faida ya kweli. Lakini kila kidhibiti cha besi na cha sauti nyembamba kilichosogea nyuzi chache kutoka katikati kitaingia kwenye rekodi, na ni nadra kwa miksa ya ukumbini kuwa na vidhibiti visivyowahi kusogezwa.

Vyombo viwili vya USB, na kubadilisha ndani ya programu

Njia inayovutia zaidi kwenye tangazo ni hii: kicheza santuri chenye waya wake wa USB, kicheza kaseti chenye waya wake wa USB, vyote viwili vimechomekwa kwenye kompyuta, na ubadilishaji unafanyika kwa kuchagua jina kwenye menyu. Kwa karatasi haina dosari. Kwa vitendo ndiyo iliyonipotezea saa nyingi kuliko zote.

Shida ya kwanza ni majina. Vyombo vingi vya bei nafuu hutumia chipu za jamii moja, na vyote hujitambulisha kwa Windows kwa jina lilelile, USB Audio CODEC. Menyu inakuonyesha mistari miwili inayofanana, na hujui kanda ni upi. Ukichomeka chombo kwenye tundu jingine la USB, Windows inaweza kukihesabu kuwa chombo kipya na kukiongezea tarakimu mbele ya jina, na mipangilio uliyoiweka inabaki kwenye jina la zamani. Suluhisho ni kuchomeka kimoja kimoja, kufungua mipangilio ya sauti ya Windows, kukibadilisha jina kuwa «Santuri» au «Kanda», kisha kuweka alama kwenye matundu ili kila waya urudi pale pale daima.

Shida ya pili ni kwamba Audacity, programu ya bure inayotumiwa na wengi, huorodhesha vyombo inapofunguliwa. Chombo kilichochomekwa baadaye hakionekani mpaka uiamuru itafute upya au uifunge na kuifungua tena. Wakati huohuo Windows, kwa kuona chombo kipya, inaweza kukifanya kuwa njia ya kutolea sauti pia, hata spika za kompyuta zikanyamaza ukadhani zimekufa. Angalia vilevile kwamba programu imewekwa kurekodi njia mbili za stereo, kwa sababu mfumo hukichukulia chombo hicho kama maikrofoni na huenda ukakipa njia moja tu.

Shida ya tatu haitatuliwi na mipangilio yoyote. Vicheza kaseti vidogo vya USB vya kubebwa mkononi huwa na injini dhaifu inayoyumbisha mwendo, na kwa kawaida havina mfumo wa Dolby wa kupunguza kelele ya kanda ambao baadhi ya kanda zilirekodiwa nao. Kwa mawaidha huenda ukavumilia. Kwa sauti ya udi na fidla, kuyumba huko ni mateso. Deki ya zamani iliyosafishwa kichwa chake kwa pamba na spiriti itakishinda kifaa hicho kipya kila siku, nayo haina USB, kwa hiyo inakurudisha kwenye njia za mwanzo. Kicheza santuri cha USB ni afadhali, hasa kile chenye katriji ya sumaku inayoweza kubadilishwa, ingawa vingi huishia kwenye biti 16, yaani hupima sauti kwa undani mdogo kuliko biti 24 za kadi bora. Mashine za mkusanyiko zenye redio, santuri na kaseti katika sanduku moja, ambazo hubadilisha chanzo kwa kubonyeza kitufe na kurekodi MP3 kwenye flashi, sizipendekezi kwa santuri unayoithamini, kwa kuwa sindano yake ni nzito na faili yake ni hafifu.

Kadi moja yenye njia nne

Mwenye uwezo wa kununua kadi ya sauti yenye matundu manne ya kuingizia, kila tundu likiwa na kidhibiti chake au kila jozi ikiwa na chake, ameepuka karibu kila kero niliyoitaja. Kikuza awali cha santuri huingia kwenye tundu la 1 na la 2, deki kwenye la 3 na la 4, vipimo vya viwango havipotei, jina kwenye menyu ni moja, na hakuna swichi ya kuota kutu. Kadi hizi hurekodi kwa biti 24, zinazokuruhusu kuacha nafasi ya desibeli 12 juu ya kilele cha sauti bila hofu ya kelele. Kwa 96 kHz, yaani sampuli 96,000 za sauti kila sekunde, saa moja ya stereo huchukua takribani gigabaiti 2, na kwa 48 kHz takribani moja. Mwongozo wa IASA, shirikisho la kimataifa la hifadhi za sauti, unataka biti 24 na kiwango kisichopungua 48 kHz kwa kazi ya hifadhi.

Dosari iko kwenye programu. Audacity huzihesabu njia kuanzia ya kwanza, kwa hiyo anayetaka tundu la 3 na la 4 analazimika kurekodi njia zote nne na kufuta mbili za mwanzo. Programu kama Reaper humruhusu mtumiaji kuichagua jozi anayoitaka. Kadi nyingi za aina hii hutaka jeki kubwa badala ya plagi za RCA, yaani zile nyekundu na nyeupe, na nyaya za kuunganisha aina hizo mbili zinapatikana kwenye maduka ya vyombo vya muziki. Kituo cha redio, maktaba, au kikundi cha taarabu chenye kabati la kanda kingekuwa kinajidhulumu kuchagua njia nyingine. Kwa familia yenye kanda 30 na santuri 20, ni gharama isiyo na sababu.

Santuri za 78

Santuri za babu haziingii kwenye ulinganisho huu, na afadhali ziwekewe siku yake. Rekodi kama zile alizozifanya Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928 zilichongwa robo karne kabla ya kanuni ya RIAA, kwa hiyo kikuza awali cha kawaida huzififisha sauti nyembamba na uwiano husahihishwa baadaye ndani ya programu. Mfereji wake ni mpana na hutaka sindano ya takribani mikroni 75, ilhali sindano ya santuri ndefu (LP) ina mikroni 18 hivi na ikitiwa humo huzama chini na kuokota vumbi badala ya sauti. Kwa hiyo hata mwenye kadi ya njia nne, siku hiyo atabadilisha kwa mikono: atatoa sindano moja na kutia nyingine, atapima upya uzito wa mkono wa kicheza santuri, na atahakikisha kwamba chombo chake kina mizunguko 78, ambayo vingi vya siku hizi havina.